Shujaa Asiyetaka Kuomba Kura

Tanzia ya Shakespeare ya Coriolanus haimleti shujaa wake kwanza. Wanaoingia jukwaani kabla ya mtu mwingine yeyote ni wenye njaa. Wamebeba marungu na magongo, wameapa kwamba heri kufa wakipigana kuliko kufa kwa njaa, na wanajua nafaka iko wapi: imejaa ghalani mwa wakubwa. Adui yao wanamtaja kwa jina, Caius Martius. Mwenyewe anapotokea, neno lake la kwanza kwao ni tusi.

Kisa ni cha Roma ya karne ya 5 kabla ya Kristo, mji ukiwa bado mchanga, wafalme wamekwisha kufukuzwa. Martius ni jemadari wa ukoo wa kimwinyi, amelelewa na mama mjane, Volumnia, anayehesabu makovu ya mwanawe kama mfugaji ahesabuvyo ng'ombe zizini. Vitani hana mfano. Ameingia peke yake ndani ya malango ya Corioli, mji wa Wavolski, akatoka akivuja damu na kushinda. Ndipo akapewa jina la heshima la Coriolanus. Wakubwa wanataka awe konsuli. Lakini desturi inamtaka avae joho la unyenyekevu, asimame sokoni na kuwaomba makabwela kura zao, akiwaonyesha makovu. Anashurutishwa, anaenda, anaomba kwa kejeli, na makabwela kwa wema wao wanampa. Matribuni wawili, wasemaji wa wanyonge, wanawazindua kwamba wamedhihakiwa, na kura zinafutwa. Mama mtu anamsihi arudi akaombe radhi. Anarudi, na badala ya radhi anawamwagia matusi. Anafukuzwa mjini. Anakwenda moja kwa moja kwa Aufidius, adui yake wa siku zote, na kurudi na jeshi la Wavolski kuichoma Roma. Mama, mke na mtoto wanatoka nje ya kuta, na mama anampigia magoti mwanawe. Analegea. Kwa kulegea huko, Wavolski wanamuua.

Msomaji wa Kiswahili anaujua umati wa Roma kupitia Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963. Tamthilia zote mbili Shakespeare alizichota katika kisima kimoja, kitabu cha Plutarch cha maisha ya watu mashuhuri, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na Thomas North mwaka 1579. Lakini umati wa Kaizari hauna shida inayojulikana. Brutus anauhutubia, unamshangilia. Antonio anauhutubia, unakimbilia kuchoma nyumba. Umati wa Coriolanus una njaa, na njaa ni hoja. Kwa hiyo kila anayeipandisha tanzia hii jukwaani hulazimika kuamua jambo ambalo mtunzi aliliacha wazi: watu hawa wana haki au ni wapumbavu? Uamuzi huo haumo katika hotuba za shujaa. Umo katika namna ya kuwavalisha, kuwapanga na kuwasemesha watu ambao kwenye orodha ya wahusika hata majina hawana. Ni Raia wa Kwanza, Raia wa Pili, basi.

Shakespeare aliiandika karibu mwaka 1608, na njaa hakuhitaji kuitafuta vitabuni. Mwaka mmoja kabla yake, wanavijiji wa kati ya Uingereza, katika majimbo ya Northampton, Leicester na Warwick alikozaliwa yeye, waliinuka dhidi ya wenye mashamba waliokuwa wakizungushia ua ardhi ya malisho ya wote ili wafuge kondoo. Waling'oa ua na kufukia mitaro. Kiongozi wao, John Reynolds, aliitwa Captain Pouch kwa sababu ya mkoba alioubeba, akidai kwamba ndani yake mna kitu cha kuwalinda wafuasi wake wasidhurike. Juni 1607, katika kijiji cha Newton, wenye ardhi na watumishi wao wenye silaha waliwaua wanavijiji kati ya 40 na 50. Reynolds alipokamatwa mkoba ukafunguliwa. Mlikuwa na kipande cha jibini.

Katika kitabu cha Plutarch, ghasia za mwanzo za makabwela zinahusu madeni na riba. Nafaka inakuja baadaye. Shakespeare ndiye aliyeivuta nafaka hadi sentensi za kwanza kabisa. Na asije mtu akadhani alikuwa mtetezi wa wanyonge. Mwaka 1598, mavuno yalipokuwa mabaya mfululizo na serikali ikawa inasaka waficha nafaka, ukaguzi wa Stratford uliandika kwamba nyumbani kwake mlikuwa na kimea ambacho kwa vipimo vyetu ni zaidi ya debe 140. Aliwajua wenye njaa na aliwajua wenye ghala, na yeye alikuwa upande wa ghala. Labda ndiyo sababu hakuna upande unaoonewa katika maandishi yake: kila mmoja amepewa maneno makali ya kutosha kumchoma mwenzake.

Waliomfuata hawakuwa na subira hiyo. Mwaka 1681 Nahum Tate aliitengeneza upya na kuipa jina linalolaumu utovu wa shukrani wa raia, ili asiwepo wa kukosea somo. Lakini mtu aliyemfanya Coriolanus kuwa sanamu ya marumaru ni John Philip Kemble. Alimwigiza mara ya kwanza Drury Lane, London, mwanzoni mwa mwaka 1789, miezi michache kabla Wafaransa hawajalivamia gereza la Bastille, dada yake Sarah Siddons akiwa Volumnia. Mrefu, mtaratibu wa kusema, mwenye sura ya sarafu ya Kirumi, alizaliwa kuvaa toga. Tanzia ikawa mali yake kwa karibu miaka 30. Alipunguza maneno, akaongeza maandamano ya ushindi, na makabwela wake walikuwapo ili wachekwe.

Septemba 1808 ukumbi wa Covent Garden, ambao Kemble alikuwa meneja wake na mmoja wa wenye hisa, uliteketea kwa moto. Ulijengwa upya haraka na kufunguliwa 18 Septemba 1809. Gharama zilikuwa kubwa, kwa hiyo kiingilio cha sakafuni kikapandishwa kutoka shilingi 3 na peni 6 hadi shilingi 4, cha viti vya pembeni kutoka shilingi 6 hadi 7, na ghorofa nzima ikageuzwa vyumba vya faragha vya kukodishwa na matajiri. Usiku wa ufunguzi walionyesha Macbeth. Kemble alitokea amevaa kama Macbeth, akafungua mdomo, na hakuna aliyesikia neno. Watu walizomea, wakapiga kengele na kelele, wakageukia nyuma na kuliacha jukwaa migongoni mwao. Kesho yake wakarudi, tena wakiwa wamejitungia ngoma yao ya kugonga miguu na fimbo sakafuni. Walidai bei ya zamani. Uongozi ukaleta mabondia, akiwemo Daniel Mendoza aliyekuwa maarufu mno enzi hizo, ili wawatoe wafanya fujo. Hapo ndipo fujo ilipokolea.

Ilichukua usiku 67. Wahenga wetu walisema wengi wape, usipowapa watajipa wenyewe, na Kemble alilielewa somo hilo mwezi Desemba. Akaenda kula dhifa na viongozi wa wapinzani wake hotelini, kisha akasimama jukwaani mwake mwenyewe na kuomba radhi. Sakafuni bei ikarudi shilingi 3 na peni 6; viti vya pembeni vikabaki 7, maana hata umati ulioshinda hupatana. Mtu ambaye London nzima ilimjua kuwa ndiye Coriolanus alikuwa ametimiza kile ambacho Coriolanus hakukiweza. Hilo halikumzuia kuendelea kuvaa toga. Alipostaafu, 23 Juni 1817, tamthilia aliyoichagua kuagia ilikuwa hiyo hiyo. Mhakiki William Hazlitt, mtu aliyeyaamini Mapinduzi ya Ufaransa hadi kaburini, alikuwa ameandika mwaka mmoja kabla kwamba ushairi kwa tabia yake humpenda mwenye nguvu, na kwamba simba anayewinda hutuvutia kuliko kundi linalowindwa. Aliandika kwa uchungu, kwa sababu na yeye alivutiwa.

Karne moja na ushei baadaye, hoja hiyo ya Hazlitt ilipelekwa Paris na kujaribiwa kwa damu.

Comédie-Française ni ukumbi wa taifa, ulioanzishwa na Mfalme Louis wa 14 mwaka 1680, unalipwa na serikali na mkuu wake huteuliwa na serikali. Mwaka 1933 mkuu huyo alikuwa Émile Fabre, mtunzi wa tamthilia aliyekuwa amekalia kiti hicho tangu 1915. Desemba mwaka huo alipandisha jukwaani Coriolanus. Tafsiri ilikuwa ya René-Louis Piachaud, mwandishi wa Geneva mwenye mapenzi ya siasa za mrengo wa kulia, ambaye hakuficha kwamba ameitafsiri kwa uhuru na kuilainisha kwa ajili ya jukwaa la Ufaransa. Mapambo yalikuwa ya fahari, makabwela walikuwa wengi na wenye makelele. Fabre hakuwa na nia ya kuipindua serikali. Alitaka tamthilia kubwa ya kujaza ukumbi. Aliupata umati aliouomba, na zaidi.

Mwezi huo huo, huko Bayonne, kusini-magharibi mwa nchi, iligundulika kwamba benki ya rehani ya manispaa ilikuwa imetoa hati za mkopo za uongo zenye thamani ya mamilioni ya faranga. Nyuma yake alikuwa tapeli mmoja, Alexandre Stavisky, mtu wa suti nzuri na marafiki wazuri zaidi, ambaye miongoni mwa mali zake ulikuwamo ukumbi wa burudani wa Paris uitwao Empire. Kesi yake ya awali ilikuwa imeahirishwa mara 19. Tarehe 8 Januari 1934 alikutwa Chamonix akiwa na risasi kichwani. Polisi walisema amejiua. Magazeti ya kulia na ya kushoto, kwa mara moja, yalikubaliana kutoamini. Waziri mkuu Camille Chautemps alikuwa na shemeji yake katika ofisi ya mwendesha mashtaka iliyoiacha kesi ilale, na kabla Januari haijaisha alijiuzulu.

Katika hali hiyo, kila jioni ya maonyesho, mwigizaji aliyevaa kama Mroma alisimama umbali wa dakika chache tu kutoka bungeni na kuwatukana matribuni, wanasiasa waoga wanaoishi kwa kubembeleza kura. Watazamaji walisimama vitini wakishangilia. Wengine walizomea. Maonyesho yalisimama katikati, yakaanza tena, yakasimama tena. Wafuasi wa Action Française, chama cha wanaotaka ufalme urudi, walikuwa wamempata nabii wao, naye ni Mwingereza aliyekufa mwaka 1616. Tusi lolote dhidi ya umati lilipokelewa kwa makofi, na makofi hayo, ukiyasikiliza vizuri, yalikuwa sauti ya umati.

Édouard Daladier alichukua uwaziri mkuu mwishoni mwa Januari na kuamua kusafisha nyumba. Tarehe 3 Februari alimwondoa mkuu wa polisi wa Paris, Jean Chiappe, kipenzi cha mrengo wa kulia, akimwahidi cheo huko Moroko, Chiappe akakikataa. Ilibidi pia aondolewe mkuu wa usalama wa taifa, Thomé, ambaye idara yake ilikuwa imemlea Stavisky kwa miaka. Atupwe wapi? Daladier alimtupa Comédie-Française, na Fabre akafutwa kazi kumpisha. Nyumba ya Molière, kama ukumbi huo unavyoitwa, ikapewa polisi. Paris iliweza kustahimili wizi wa mamilioni, lakini jambo hili lilimchekesha na kumkera kila mtu kwa wakati mmoja, na waliokuwa wakiamini kwamba serikali inaiogopa tamthilia sasa walikuwa na ushahidi mkononi. Shakespeare, ikasemekana mitaani, amefukuzwa kazi.

Jioni ya tarehe 6 Februari, vyama vya kulia na wanajeshi wastaafu walijaa Uwanja wa Concorde, ng'ambo ya daraja linaloelekea bungeni. Wakomunisti nao walikuja na wastaafu wao, kwa hasira zao wenyewe. Watu walichoma basi, walikata mishipa ya miguu ya farasi wa polisi kwa nyembe zilizofungwa kwenye fimbo, walijaribu mara kadhaa kuvuka daraja. Polisi wakafyatua risasi. Watu wapatao 15 walikufa na majeruhi walihesabiwa kwa mamia. Kesho yake Daladier alijiuzulu, ikawa mara ya kwanza katika Jamhuri ya Tatu kwa serikali kuangushwa na mtaa.

Hapa ndipo ninapoona kilichowapita wote, waliopiga makofi na waliozomea. Waliokuwa wakishangilia kudharauliwa kwa makabwela ndio walioshika nyembe na mawe siku chache baadaye. Walijiona ni Coriolanus, kila mmoja peke yake, maelfu kwa maelfu. Lakini ndani ya tamthilia, kazi waliyoifanya uwanjani ni kazi ya Raia wa Kwanza na Raia wa Pili: kumfukuza mtawala waliyekuwa hawana imani naye. Matribuni wangewaonea fahari.

Thomé hakukikalia kiti. Serikali mpya ya Gaston Doumergue ilimrudisha Fabre, na wiki chache baadaye tamthilia ikarudi jukwaani, ikaendelea kwa utulivu zaidi. Fabre hakuwa na tabia ya shujaa yeyote. Alikuwa mtendaji wa serikali aliyetaka kuuza tiketi.

Wajerumani waliupokea ujumbe ambao Paris ilidhani inaupata. Chini ya Hitler, tanzia hii ilifundishwa shuleni kama habari ya kiongozi shupavu anayetaka kuliponya taifa na kuangushwa na wapiga domo wa demokrasia. Somo hilo lilieleweka vizuri kiasi kwamba, vita vilipokwisha, Wamarekani waliokalia sehemu yao ya Ujerumani waliipiga marufuku kwa miaka kadhaa. Sijui kama Shakespeare amewahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo, ya kuogopwa na jeshi lililoshinda.

Uingereza ilijibu kwa njia yake. Mwaka 1959 huko Stratford, chini ya uongozaji wa Peter Hall, Laurence Olivier, akiwa na miaka 52, alimwigiza Coriolanus anayeona haya kusifiwa kama mvulana. Katika mauti, alijirusha kutoka jukwaa la juu, mita tatu na zaidi, askari wawili wakamdaka vifundo vya miguu, akabaki ananing'inia kichwa chini. Kila mtazamaji aliyezidi miaka 20 aliikumbuka picha hiyo: maiti ya Mussolini, Milano, 1945. Usiku ambao Olivier alikuwa ameumia, nafasi ilichukuliwa na kijana ambaye hakuwa bado na jina, Albert Finney.

Lakini mtu aliyeikaba koo tanzia hii ni mtunzi wa Kijerumani, Bertolt Brecht. Alirudi Berlin Mashariki baada ya miaka mingi ya uhamishoni, akaanzisha kikundi cha Berliner Ensemble mwaka 1949 pamoja na mkewe Helene Weigel, na mwaka 1951 akaanza kuitengeneza Coriolanus upya. Alitaka kuivuta kutoka kwa yule bwana mkubwa na kuwapa wasio na majina. Aliketi na wasaidizi wake kulichambua onyesho la kwanza peke yake, na mazungumzo hayo yakaandikwa. Swali lake halikuwa la kifalsafa hata kidogo. Watu wanaokufa njaa hukusanyikaje? Anayedhulumiwa, alisema, hana desturi ya kuungana. Kila mmoja ana hofu yake, na kuungana ni kazi inayofanywa dakika kwa dakika na inaweza kuvunjika wakati wowote. Kisha Menenius, mmoja wa wakubwa wa Roma, anakuja na hadithi yake ya tumbo na viungo, kwamba wakubwa ni tumbo linalogawa chakula kwa mwili mzima. Kwa miaka 300 waongozaji walikuwa wamewafanya makabwela waikubali hadithi hiyo wakiwa wameduwaa. Brecht aliona kwamba mtu mwenye njaa halishwi hadithi. Kinachowanyamazisha ni Martius kuja na watu wenye silaha, na habari kwamba Wavolski wamo njiani. Vita, si ngano, ndivyo vinavyomaliza maandamano.

Wakati anaandika hayo, umati ulifika kwake pia. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilikuwa imepandisha viwango vya kazi kwa asilimia 10, yaani jasho zaidi kwa mshahara ule ule. Tarehe 16 Juni 1953 wajenzi wa Stalinallee, barabara ya majumba ya fahari ya wafanyakazi, waliweka zana chini na kuandamana. Kesho yake migomo ilienea nchi nzima, na vifaru vya Kisovieti vikaingia mitaani. Brecht alimwandikia Walter Ulbricht, mkuu wa chama, barua iliyohimiza mazungumzo na watu na kumalizia kwa sentensi ya kuonyesha kwamba yuko na chama. Gazeti la chama, Neues Deutschland, lilichapisha sentensi hiyo ya mwisho peke yake. Kwa miaka mingi Ujerumani Magharibi ilimhukumu kwa sentensi moja. Mwenyewe aliandika shairi la kejeli kali dhidi ya watawala wanaokasirishwa na wananchi wao, lakini alilifungia mezani.

Alikufa 14 Agosti 1956, na Coriolanus yake haikuwa imepanda jukwaani. Walioikamilisha ni mwanafunzi wake Manfred Wekwerth pamoja na Joachim Tenschert, katika ukumbi wa Schiffbauerdamm, Septemba 1964, ukuta wa Berlin ukiwa na miaka mitatu. Karl von Appen alijenga lango kubwa juu ya jukwaa linalozunguka: upande mmoja ni Roma, ukiligeuza ni Corioli. Vita vilipangwa na Ruth Berghaus mithili ya ngoma ya kutisha, majeshi yakigongana na kuachana, yakiimba jina la jemadari kwa mapigo ya muziki wa Paul Dessau. Ekkehard Schall, mkwe wa Brecht, alikuwa Coriolanus mwenye misuli na hasira ya mtaalamu anayejua thamani yake. Maana ndivyo Brecht alivyomwona, mtaalamu wa vita anayewauzia watu huduma na kudai wamwabudu kwa sababu anadhani hana mbadala.

Badiliko kubwa limo katika magoti ya mama. Kwa Shakespeare, Volumnia anashinda kwa kuwa ni mama. Kwa Brecht, anamwambia mwanawe atazame moshi unaopanda juu ya Roma. Si moshi wa kusalimu amri. Makabwela wanafua silaha, mji umejifunza kujilinda bila yeye. Anarudi nyuma si kwa huruma bali kwa sababu amegundua hahitajiki. Na mwishoni, badala ya maneno ya heshima juu ya maiti, tunalipata baraza la Roma likishughulikia maji na mashamba. Habari ya kifo inafika. Ndugu wanaomba ruhusa ya kuvaa nguo za msiba. Ombi linakataliwa, kikao kinaendelea. Ni mwisho mkavu kuliko wowote niujuao, na nakiri kwamba unanitisha zaidi ya upanga wa Aufidius. Baraza lisilo na dakika moja ya kumlilia mtu linaweza kuwa ni la makabwela, na bado usitamani kuliita mlangoni pako.

Mwandishi Günter Grass, wa upande wa pili wa ukuta, aliona shimo jingine. Aprili 1964, Shakespeare alipotimiza miaka 400 tangu kuzaliwa, alihutubia chuo cha sanaa cha Berlin Magharibi kuhusu tanzia hii na waliokuwa wameirithi, akihoji jinsi Brecht alivyowasafisha makabwela wakabaki hawana kasoro. Kisha akaandika tamthilia yake, makabwela wakifanya mazoezi ya uasi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Schiller Theater 15 Januari 1966. Ndani yake, mkuu wa ukumbi mmoja wa Berlin Mashariki yumo mazoezini, anaandaa onyesho la kwanza la Coriolanus. Ni tarehe 17 Juni 1953. Wajenzi wa kweli, wenye vumbi la saruji, wanaingia kumwomba awaandikie tamko. Anawasikiliza kwa makini sana, anawarekodi sauti, anawauliza wanasimamaje wanapokasirika, ili makabwela wake wa jukwaani waonekane wa kweli. Tamko haliandikwi.

Historia haimpi Grass ushahidi, maana Brecht hakuwa akifanya mazoezi ya Coriolanus siku hiyo. Mjane wa Brecht na wafuasi wake walikuwa na haki ya kukasirika. Hata hivyo Grass alikuwa ameligusa jeraha. Tangu Kemble, wenye kumbi walikuwa wameomba umati uwe mzuri kutazamwa, na ulipobisha hodi kwa shida zake wenyewe hawakujua waufungulie mlango gani.

Kikundi cha Berlin kiliipeleka kazi yake London mwaka 1965, Weigel mwenyewe akiwa Volumnia, na Waingereza walivutiwa sana na zile ngoma za vita. Miaka sita baadaye Olivier, aliyekuwa akiongoza National Theatre, aliwaalika Wekwerth na Tenschert waje kuiongoza tena, safari hii kwa maandishi ya Shakespeare. Wajerumani walikuja na lango lao na mtazamo wao, kwamba tanzia hii ni ya Roma na jemadari ni mmoja wa watu wake. Christopher Plummer, nyota aliyekuwa ameteuliwa kumwigiza Coriolanus, alitaka shujaa. Walibishana kwa siku kadhaa, na aliyeondoka ni Plummer. Nafasi ikaenda kwa mwigizaji wa Wales mwenye miaka 33, Anthony Hopkins, mtoto wa mwoka mikate wa Port Talbot, ambaye kila jioni mwaka huo wa 1971 alisimama Old Vic na kuwaambia wenye njaa kwamba nafaka hawakuistahili.